Kalamu nyekundu baada ya kustaafu

Wiki ya tatu baada ya kustaafu, mke wangu alinikuta mezani nikisahihisha gazeti kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimezungushia duara asilimia iliyokokotolewa vibaya, na pembeni nimeandika "Onyesha njia." Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimefundisha hisabati miaka 34, na asubuhi ile sikuwa na daftari la mtu yeyote la kusahihisha.

Binti yangu alikuwa akisomea ustawi wa jamii, na kitini chake cha sosholojia ya uzee kilikuwa kimelala sebuleni. Nilikisoma kama mgonjwa anavyosoma karatasi ya dawa: natafuta dozi.

Nadharia ya kwanza, ile ya kujitenga, iliniudhi. Mwaka 1961 Elaine Cumming na William Henry, waliotumia utafiti wa watu wazima wa Kansas City, Marekani, walidai kwamba mzee na jamii huachana polepole, na kwamba kuachana huko ni kwa kawaida na kuna faida pande zote: vijana wanapishwa, mzee anapumzika na kuuzoea ukaribu wa kifo. Nilikuwa na miaka 60. Nani kaniuliza kama nataka kupisha?

Kwa hasira hiyo nikaikumbatia nadharia ya pili bila kuitafuna. Robert Havighurst na wenzake walishika upande wa pili: anayezeeka vizuri ni yule anayebaki na shughuli, na akipoteza jukumu moja huliziba pengo kwa jingine. Basi nikaziba. Ndani ya miezi sita nilikuwa katibu wa kamati mbili, mweka hazina wa chama kimoja, na mwanakwaya. Kalenda ilijaa kuliko nilipokuwa kazini, lakini jioni nilirudi nyumbani kama niliyekwenda kusindikiza safari ya mtu mwingine. Sikio la kushoto nalo lilikuwa limeanza kunisaliti. Vikaoni nilikuwa natikisa kichwa kukubali nisichokisikia, na ndivyo nilivyojikuta mwenyekiti wa kamati ya tatu.

"Baba," binti yangu aliniambia, "hayo ni maelezo, si maagizo ya daktari." Akanionyesha hoja ya Arlie Hochschild ya mwaka 1975: nadharia ya kujitenga ilijiachia mlango wa kutorokea, kwa kuwa mzee ambaye hajajitenga angeweza kuhesabiwa tu kuwa si wa kawaida. Hapo nilifurahi sana. Mwanafunzi yeyote aliyeniletea uthibitisho wa namna hiyo nilimpa sifuri.

Kilichonifaa kilikuwa mbele kidogo. Robert Atchley, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu mwendelezo, alieleza kwamba watu wengi hukabili mabadiliko ya uzee kwa kushika nyuzi walizokuwa nazo tangu zamani, za ndani, yaani hulka, vipawa na namna wanavyojitambua, na za nje, yaani watu, mahali na kazi walizozizoea. Nikachukua karatasi, nikaandika kila nilichokikosa tangu nistaafu, kisha nikakata kimoja kimoja. Kengele? Hapana. Kuitwa mwalimu? Kidogo, nakiri. Kelele za darasa? Hata kidogo. Kilichobaki hakikukatika: ile nukta ambapo uso wa mtoto hubadilika kwa sababu jambo limeingia. Hakuna kamati iliyokuwa nayo.

Kurudi kufundisha madarasa makubwa kwa sikio lile kusingewezekana. Msaada niliupata kwa Paul na Margret Baltes, ambao ni wanasaikolojia lakini kitini kiliwaweka humohumo. Wao husema mzee hufaulu kwa kuchagua machache, kuyanoa, na kufidia kilichopungua. Mfano wao ni mpiga piano Arthur Rubinstein: uzeeni alipiga vipande vichache, akavifanyia mazoezi zaidi, na kabla ya sehemu ya kasi alipunguza mwendo ili kasi ile ionekane kubwa kuliko ilivyokuwa. Ujanja wa halali kabisa.

Nikaandika barua zote za kujiuzulu jioni moja. Kwaya iliniuma, lakini nayo niliiacha. Sasa nina wanafunzi wawili tu, asubuhi, kabla sikio na akili havijachoka. Nafundisha aljebra na jiometri. Kalkulasi nimewaachia wengine. Maswali hawaniulizi kwa mdomo, wanayaandika ubaoni.

Na alasiri nakaa peke yangu, kwa raha. Kwa hiyo wale wa 1961 kuna kitu walikiona, ila naona Lars Tornstam wa Uswidi alikieleza vizuri zaidi: hamu ya upweke uzeeni inaweza kuwa ukuaji, si kukataliwa. Kinachonikera bado ni kwamba mazungumzo haya ya kuchagua yanamfaa mwenye pensheni na magoti mazima. Rafiki yangu wa rika langu bado anabeba mizigo. Kwake kupumzika na kufanya kazi si nadharia mbili za kupima.

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliandika ubaoni: "Mwalimu, mstari wa 3." Nikatazama. Nilikuwa nimeangusha alama ya kutoa. Nilipogeuka, alikuwa tayari ameishika kalamu yangu nyekundu.