Kadogo hivi

Jumapili jioni Mama Mukubwa alisema maneno matatu mbele ya ile posti, televisheni ya zamani ninayoitengeneza. Leo ni Ijumaa na bado nayatafuna.

Posti yenyewe mnaijua. Philips ya marehemu Baba Mukubwa, ya lampi (zile chupa za kioo zinazowaka ndani), picha nyeusi na nyeupe, kioo cha sentimita 59, mbao pande zote, miguu minne ambayo mmoja umeonjwa na mchwa. Miezi minne imelala juu ya meza yangu chumba cha nyuma, nami nimewachosha nayo hapa. Mlinifuata mpaka Likasi nilipokwenda kutafuta lampi moja, PL500. Mliniona nikizikata moja moja zile kondensata za karatasi na nta, ambazo zikizeeka zinavujisha umeme kama paa la nyasi. Na usiku ule lampi zote zilipozimika mara moja, nikabaki kuzipima kama mtu anayehesabu rozari, maana za aina hii zimefungwa kwenye mstari mmoja: uzi wa moja ukikatika, zote zinalala. Basi. Jumapili ilikuwa siku ya kuirudisha sebuleni.

Mengine ya wiki nayasema upesi: barua ilifika Jumatatu na mimi sasa ni mkuu wa masomo pale shuleni, mdogo wangu wa Kipushi kajifungua mapacha, mazungumzo ya mahari yameisha bila mtu kununa. Tumshukuru Mungu.

Turudi sebuleni.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, bukari na sombe vimeshaliwa, watu tisa wamebanana. Nilibonyeza. Posti ya lampi haikurupuki. Kwanza kimya, halafu nyuma yake mwanga wa rangi ya makaa, halafu mwanangu akaziba masikio: "Mama, inapiga filimbi!" Mimi filimbi hiyo siisikii tena. Ni mitetemo 15,625 kwa sekunde, na masikio ya miaka 46 yameshafunga mlango huo. Nikamwamini tu. Kisha picha ikafunguka: arusi ya yaya, dada yangu mkubwa, 2009, kutoka kwenye DVD, ikipitia kisanduku kinachoigeuza iwe mawimbi ya antena. Watu wakapiga vigelegele kwa kujiona wembamba.

Mama Mukubwa akavaa miwani. Akaegemea mbele. Akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Akasema:

"Ilikuwaka kadogo hivi?"

Au: "Ilikuwa kadogo hivi?"

Hapo ndipo ninaposhindwa kulala. Sekunde ileile shemeji alijiona akicheza bila viatu, sebule nzima ikalipuka kwa kicheko, na mwisho wa neno ukamezwa. Kwa ninyi wa pwani mtakaouliza tofauti iko wapi: -ka ya kwetu Lubumbashi inabeba miaka. Ilikuwaka ni siku zote zile za zamani. Bila -ka, ilikuwa inaweza kuwa ya jana, ya leo, ya mkono wangu mimi.

Kama alitia -ka, basi alikuwa anazungumza na kichwa chake mwenyewe. Kichwani mwake posti ile ni kubwa kama ukuta wa kanisa. Alikwisha kunisimulia mara nyingi: uwanja unajaa, wanaume juu ya makreti ya bia, madirisha wazi ili hata walio barabarani waone, na sura ya Rais Mobutu ikishuka kutoka mawinguni kabla ya habari, na kila jioni mtoto mmoja lazima aulize kwa nini miguu yake haionekani. Baba Mukubwa aliapa mpaka kufa kwamba kwenye kioo hicho alimwona Ali akimwangusha Foreman, 1974. Mama Mukubwa husema ngumi zile zilipigwa saa kumi alfajiri kwa saa ya Kinshasa, kwetu saa kumi na moja, na saa hiyo mume wake alikuwa kazi ya usiku kiwandani. Ugomvi huo wameuendesha miaka arobaini na mshindi hakupatikana.

Sasa mtu wa namna hiyo unamwekea posti yake chini ya televisheni bapa ya inchi 43. Ndiyo, niliiacha ukutani, juu yake kabisa. Miezi minne ya kuhesabu volti, na sikufikiria kufunika kile kitu hata kwa kitenge.

Lakini kama hakutia -ka? Basi alisema kwamba nimeipunguza. Kwamba nilichukua kitu kizima nikamrudishia kipande.

Jumatatu, barua ya cheo ikiwa mkononi, nilikuwa natamka peke yangu kwenye kolido ya shule: ilikuwaka, ilikuwa, ilikuwaka. Mwanafunzi mmoja akanisalimu mara mbili. Mume wangu akasema, "Si umuulize tu, na -ka ao bila -ka?" Mwanaume huyu ana miaka kumi na tisa ndani ya ukoo wetu na bado anadhani mtu mzima anaulizwa namna hiyo, kama mtoto kwenye imla. Jumanne nikajaribu kwa mbali, nikimmenyea karanga.

"Mama, siku ile posti ilipowaka, ulisema kitu."

"Mi? Niliomba chumvi."

"Kabla ya chumvi."

Akanitazama. "Mwana wangu, karanga unazitupa, maganda unayatia kwenye kikapo."

Ikawa ndiyo hivyo.

Jana, Alhamisi, nilikuwa natafuta picha ya mapacha kwenye simu ya mwanangu nikakutana na picha za Jumapili. Kapiga nyingi. Katika moja posti inaonekana vizuri, kutoka mbele, na kushoto na kulia kwa arusi ya yaya kuna mistari myeusi, mipana kama vidole viwili kila upande. Picha haikukatwa, ilibanwa. Ndiyo maana watu walijiona wembamba! Mimi fundi nilisimama kando ya posti nikitazama nyuso za watu, sikuutazama kioo. Mtu wa miaka 81 mwenye miwani ya zamani aliona.

Niliona aibu mpaka masikioni. Wa kwanza kushukiwa alikuwa PL500 wangu wa Likasi, kwa sababu lampi hiyo ndiyo inayosukuma picha kwenda pembeni, ikichoka inafika njiani na kukaa chini. Nilikwisha kuanza kumtukana yule mzee aliyeniuzia. Lakini mezani kwangu, usiku baada ya usiku, picha ilikuwa inajaa. Nisingeacha kitu kama hicho, mnanijua. Nilibadilisha nini kati ya meza na sebule?

Saa. Nilibadilisha saa.

Mimi hufanya kazi hii baada ya kusahihisha madaftari, saa tano usiku kwenda mbele. Jumapili tuliwasha saa kumi na mbili na nusu, avenyu nzima ikiwa imewasha reshoo zake, majiko ya umeme. Na reguleta ya nyumba, ile ya kusawazisha volti, iko kwenye friji, na friji wiki hii ina mbuzi wa watu wa mahari, hakuna wa kuthubutu kuigusa. Posti ilikuwa inakula umeme wa ukutani ulivyo.

Nikachukua mita. Jana saa kumi na mbili na nusu jioni, kwenye tundu lile la sebuleni: volti 171. Nikalala. Sikulala. Saa saba na dakika arobaini usiku, tundu lilelile: 214.

Nikawasha. Makaa, kimya, filimbi ya wengine. Na picha ikafunguka ikaenda, ikaenda, mpaka ikagusa mbao pande zote mbili. Kamba za gauni la yaya unazihesabu. Shemeji mnene vilevile kama alivyo. Nilicheza peke yangu sebuleni, peku, na mkono mdomoni nisije nikaamsha nyumba. Ningewaambia nini kama wangetoka? Cheo sikukichezea hivyo.

Halafu nikaenda kwenye mlango wa Mama Mukubwa. Nilisikia akigeuka kitandani. Yeye usingizi wake ni mwepesi, ningegonga kidogo tu angeitika. Mkono ulikuwa umeinuka. Nikafikiria -ka. Kama alisema bila -ka, namletea jibu. Kama alisema na -ka, namtoa kitandani usiku kwa ajili ya vidole vinne vya picha, atavaa miwani, ataegemea mbele, na atarudia maneno yaleyale, safari hii bila kicheko cha kumeza mwisho.

Nikashusha mkono.

Nilipozima, picha ilijikunja ikawa nukta moja nyeupe katikati ya kioo, ikakaa, ikafa polepole. Sikuigusa nyuma. Kioo kile kinabaki kimeshika maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa waya. Labda Jumamosi ijayo, mbuzi wakiisha kuliwa, nitaiba reguleta.

Kiu ikanipeleka nje kwenye kisima. Tangu Agosti kamba tumeiongeza mafundo mawili, na mvua bado, mawingu yanakuja yanatazama yanakwenda. Jirani alichimba cha kwake mwezi wa saba, hatua sita tu kutoka ukuta wetu, na anasema ni kirefu kuliko chetu. Alilisema hilo kwa furaha. Ndoo ilichelewa kugonga maji. Iliporudi ilikuwa nyepesi, nusu yake tope. Nimeyachuja kwa kitambaa mara mbili. Asubuhi hii nimeyachungulia tena, bado ni mekundu, na watoto wanaomba maji ya kuoga.