Tulivyopiga Hema Echo Park na Kusubiri Barabara Ikauke

Mara ya kwanza nilipojaribu kufika Echo Park, kambi ndogo iliyo chini ya makorongo ya Dinosaur National Monument, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Colorado, niligeuza gari kabla ya kufika. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na kilomita 20 hivi za mwisho, zinazoteremka kutoka barabara ya lami hadi mtoni, ni za udongo wa mfinyanzi ambao ukilowa haupitiki, hata kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Safari ya pili, mwezi wa Agosti, nilijipanga nikichukulia kwamba mvua itatukuta tukiwa tumeshateremka na kwamba hatutatoka siku tuliyokusudia.

Tulibeba chakula cha siku 2 za ziada na lita 40 za maji, ingawa kambini kuna bomba wakati wa kiangazi, na kazini niliomba ruhusa ya siku moja zaidi. Asubuhi ya kuondoka Denver nilipiga simu ofisi ya hifadhi kuulizia hali ya barabara, kwa sababu huko chini simu haishiki mtandao. Kambi ina viwanja 22 na vyoo vya shimo. Duka hakuna, umeme hakuna.

Tulifika alasiri. Hapo ndipo mto Yampa unapoingia katika mto Green, na mbele yake limesimama jabali la Steamboat Rock, ukuta wa mawe wenye urefu wa zaidi ya mita 200. Mpelelezi Mmarekani John Wesley Powell, aliyepita na mashua mwaka 1869, alipaita mahali hapo kwa jina la mwangwi wake, kwani "echo" kwa Kiingereza ni mwangwi. Mwanangu alisimama ukingoni akapaza sauti, "Hodi!" Jabali likamrudishia hodi yake, naye akageuka kuniuliza, "Baba, mbona halisemi karibu?" Katika miaka ya 1950 serikali ilikusudia kujenga bwawa chini kidogo ya makutano hayo, na bonde lote lingezama, lakini watu walipinga kwa nguvu hadi sheria ya mwaka 1956 ikapitishwa bila bwawa hilo. Nilipokuwa nikichota mchanga pale mtoni nilijisikia mwenye deni kwao.

Mchanga huo niliuhitaji sana. Jioni upepo hushuka kwa kasi kati ya kuta za korongo, na vigingi vya hema vilikuwa vinang'oka kama vimechomekwa kwenye unga. Mke wangu akashauri tutumie vifuko vya kuhifadhia hema na mifuko ya kulalia: tukavijaza mchanga, tukafunga kamba za hema katikati ya kila kimoja, tukavifukia kwenye mashimo yenye kina cha mkono hadi kiwiko, kisha tukashindilia kwa miguu. Baada ya hapo hema halikutikisika tena. Nawashauri wote wanaopiga hema mchangani wasitegemee vigingi peke yake. Tulikuwa pia tumechagua kiwanja kilichoinuka, mbali na mkondo mkavu, na usiku wa pili nilishukuru, kwani mvua ya radi ilipopiga, mkondo ule ulijaa kwa muda mfupi na kulipopambazuka Yampa ulikuwa mwekundu kwa tope.

Asubuhi hiyo nilipanda barabarani kwa miguu. Baada ya hatua kumi kila kiatu kilikuwa kimebeba udongo mzito usiobanduka hata kwa kijiti. Jirani mmoja wa kambini alitaka kujaribu kutoka. Nilimsihi asubiri, tukamkaribisha chai, akakubali. Tukakaa siku nzima. Kesho yake saa nne udongo ulikuwa umefanya ganda, na nilipolikanyaga kwa kisigino halikubonyea. Tulifukua vifuko vyetu, tukarudisha mchanga mtoni, tukapanda mlima taratibu kwa gia ya kwanza, magari mawili yakifuatana.