Kutoka Posta hadi Manzese: siku yangu kwenye mashine ya sembe

Kabla sijaanza kuhesabu masaa, niweke jambo moja sawa, maana naulizwa kila mara. Mimi sikuanzisha biashara. Nilinunua inayotembea. Nilikuwa idara ya mikopo katika benki moja pale Posta, kazi yangu kusoma mafaili ya biashara za watu na kusema huyu akopeshwe, huyu asikopeshwe. Mzee mmoja wa Manzese alitaka kupumzika na watoto wake hakuna aliyelitaka vumbi la pumba. Nikachukua mimi: mashine ya kukoboa, ya kusaga, mizani, fremu, wateja, na vijana waliokuwa wanaiendesha. Hii ni Jumanne ya Septemba, siku isiyo na jambo la ajabu.

Saa 11 alfajiri

Nakaa Kimara, kwa hiyo usafiri wangu ni mwendokasi. Gari niliuza kujazia hela ya manunuzi. Saa hizi kiti bado kinapatikana, na ninaokutana nao ni wale wale, kadi za ofisi shingoni, wanakwenda mpaka Kivukoni. Leo nimekaa na kaka mmoja ambaye meza yake ilikuwa inatazamana na yangu.

"Dada, bado unauza unga?"

Abiria wa mbele wakageuka. Ikabidi nijibu kwa sauti kubwa kuliko yake: "Wa ugali, kaka. Wa ugali."

Nashuka Manzese, yeye anaendelea mjini.

Saa 12

Lori la mahindi ya Songea limeingia usiku na makuli wameshaanza kushusha. Hapa ndipo Fundi anapokula mshahara wake. Fundi ndiye opereta, alikuwa na mzee kabla yangu, na hakuna anayemwita kwa jina lake. Anachoma bambo, kile chuma cha kuchukulia sampuli, kwenye gunia, anaacha punje zimwagike kiganjani, anazinusa, anatia moja mdomoni na kuuma. Ikilia *ka!* anasogea gunia linalofuata. Ikikubali jino taratibu kama karanga ya kuchemsha, anaitema na kumwangalia dereva bila kusema kitu. Dereva anajua.

Mimi nina kipimo cha unyevu. Mahindi yakizidi asilimia 13.5 siyachukui. Kwa kawaida kipimo na jino la Fundi vinakubaliana, lakini kipimo kinanisaidia kubishana na dalali kwa simu, kwa sababu jino haliandiki namba. Na si suala la bei tu. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara, na mahindi mabichi yaliyorundikwa stoo ndiyo nyumba ya ule ukungu. Leo magunia manne yamerudi juu ya lori. Dereva kanung'unika, kapakia.

Kisha kila gunia linapita kwenye mizani. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, hatununui hata kama bei inavutia, maana gunia lina mwisho wake kisheria, kilo 100, na watu wa Wakala wa Vipimo hawatanii.

Saa 2 asubuhi

Kuanzia saa 2 mpaka saa 5 hapa hakuongeleki, watu wanaonyeshana vidole. Mahindi yanalowanishwa kidogo, yanakobolewa, yanaingia kwenye kusaga, na unga unatoka una moto. Wenye maduka wanataka uwekwe kwenye salfeti palepale waondoke. Hapana. Unga ukifungwa na moto wake unatoa jasho ndani ya mfuko, baada ya siku chache umevunda na mteja anarudi na maneno. Tunaumwaga kwenye turubai upoe kwanza. Mwenye haraka aende mashine ya jirani, na kuna wanaokwenda.

Katikati ya kelele anaingia mama mmoja anayepika chakula cha mchana kwa mafundi gereji. Amefunga kanga, hana pochi.

"Madamu, kilo 50. Niandikie."

"Ya jana mama?"

"Ya jana nalipa na ya leo jioni. Mungu akipenda wakila wote."

Namwandikia. Kule nilikotoka mtu huyu asingefika hata kwenye kiti cha mbele ya meza yangu: hana dhamana wala taarifa ya benki. Hapa mali kauli ndiyo biashara yenyewe. Yeye na wenzake walikuwa wanachukua kwa mzee kwa neno tu na wanalipa jioni, na siku ya makabidhiano mzee alinizungusha kwa mmoja mmoja, jiko kwa jiko, akisema, "Huyu sasa ndiye mimi." Lile zunguko halikuwa kwenye mkataba. Ukiniuliza hela yangu nyingi ilikwenda wapi, nitakwambia ilikwenda pale, mashine ni chuma tu. Chuma hata Gerezani kipo.

Ndiyo maana kabla ya kusaini chochote nilikaa kwanza na Fundi. Angehamia mashine ya pili, wateja wangemfuata, mimi ningebaki na mota na deni la kodi ya fremu. Tukakubaliana mshahara, na juu yake kitu kidogo kwa kila gunia linalosagwa. Mzee alishangaa. Kwake Fundi alikuwa analipwa ya siku.

Saa 5

Wanakuja wa pumba. Wafugaji wa kuku, wa nguruwe, na mmoja wa ng'ombe wa maziwa mwenye Kirikuu iliyochoka. Gunia la kilo 100 linanipa sembe kama kilo 70 na kitu. Kinachobaki karibu chote ni pumba. Watu wanaopiga hesabu za mashine kwa kuangalia bei ya unga peke yake hupata faida ndogo mpaka wanakata tamaa. Kuna wiki bei ya unga imebanwa pande zote na pumba ndizo zinazolipa vijana. Hawa hawakopi, wanalipa kwa Lipa Namba hapohapo na wanagombania foleni. Nawapenda sana.

Saa 7 mchana

Umeme umekatika. Mkanda unapunguza mwendo, mashine inaguna, kimya. Tunakula ugali wetu wenyewe na dagaa. Umerudi saa 8 na nusu.

Saa 9

Saa ya daftari. Mzee hakuwa na vitabu vya mahesabu, alikuwa na kaunta buku lenye mafuta ya kula kila ukurasa. Aliniambia anasaga magunia kadhaa kwa siku, nami sina sababu ya kuamini wala kutoamini. Nikamwomba kitu kimoja: meseji za manunuzi ya umeme wa LUKU kwenye simu yake, za mwaka mzima. Alizikuta zote, hakuwahi kufuta. Fundi akaniambia gunia moja linakula uniti ngapi likikobolewa na kusagwa. Nikagawanya. Halafu nikatumia likizo yangu ya mwaka kukaa kwenye benchi pale nje nikihesabu magunia yanayoingia. Namba ya umeme, ya benchi na ya kaunta buku zikakaribiana, ndipo tukaongea bei. Sijawahi kuona hesabu zilizokaguliwa zinazonipa usingizi kama zile meseji.

Uniti ya matumizi yetu, ukijumlisha kodi na tozo, ni kama Sh 356, na mota ya fezi tatu haina huruma. Halafu kuna ile Sh 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi. Jengo si langu. Kila nikimkumbusha mwenye nyumba anacheka na kuniuliza hali ya watoto.

Leo nafanya pia ya TRA. Awamu ya tatu ya kodi ya mapato inatakiwa iwe imelipwa ifikapo tarehe 30 Septemba, na nimejifunza kuitenga kidogo kidogo kila Ijumaa kwenye akaunti nisiyoigusa. Biashara hii ilibidi niisajili kwenye TIN yangu mwenyewe, namba ya mlipakodi, maana TIN ni ya mtu, haihami na mashine. Mzee alidhani nitaendelea na yake.

Kuhusu kipato, maana najua mnasubiri. Kuna miezi najilipa chini ya mshahara niliouacha, na kuna miezi ya mavuno nauzidi. Bima ya afya sasa inatoka mfukoni mwangu. NSSF imebaki ilipo hadi umri ufike, kwa sababu mafao ya kukosa ajira hayamhusu aliyeandika barua ya kuacha kazi mwenyewe. Tarehe 25 bado inanishtua kila mwezi: mwili unasubiri meseji ya mshahara, na badala yake nakumbuka kwamba wanaosubiri meseji sasa ni watu sita na anayetuma ni mimi.

Saa 11 jioni

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Mkanda wa kukoboa unalia, umesikia?"

Haji kukagua, anasema anapita tu. Anapita karibu kila siku. Anakaa kwenye lile benchi, analetewa kahawa, wateja wazee wanamsalimia yeye kabla yangu. Mwanzoni ilinikera. Mume wangu alisema nimwambie aache kuja, na nilikaribia kufanya hivyo, mpaka nilipoona wanaokuja kulipa madeni jioni wanakuja haraka zaidi akiwa amekaa pale. Mama wa chakula amefika, amehesabu noti za jana na za leo juu ya mizani, akamgeukia mzee: "Umeona? Sijamwangusha binti yako." Nimemwagizia mzee kahawa ya pili.

Mkanda kweli unalia. Fundi ataubana kesho kabla ya kuwasha.

Saa 1 usiku

Tunafagia, turubai linakung'utwa, nanunua LUKU ya kesho. Nikiwa natembea kwenda kituoni dalali wa Songea anapiga. Bei imepanda, anasema, wanunuzi wa nje ya nchi wameingia sokoni. Kila wiki wameingia sokoni. Namwambia magunia manne ya leo yalikuwa na maji na kipimo kimeandika, nina picha. Anakaa kimya kidogo, anashusha kidogo. Nashusha tena. Anasema nitamfilisi.

"Pakia," namwambia, "ila ukichanganya mabichi, gari linarudi nayo."

Mwendokasi wa kurudi Kimara umejaa hadi mlangoni. Nimesimama njia nzima, pumba kwenye nywele, na dada mmoja mwenye blauzi nyeupe amejisogeza pembeni asichafuke.