Nukta ya Ng'ambo

Jana mtu wa boda alipeleka mzigo wetu kwa jirani, akaapa ni simu iliyomwelekeza. Binti yangu akaniuliza, "Baba, kwani setilaiti nazo hulewa?" Nikacheka, maana nilikumbuka mbuzi wa Laikipia.

Mwaka 2001 nilikuwa kibarua wa saveya mmoja, nabeba tripodi na maji. Tulikuwa kaskazini mwa Laikipia, kule ranchi za watu binafsi zinakopakana na za jamii, tukihakiki ramani za zamani, zile za 1:50,000. Vumbi, miiba, joto. Hayo mnayajua.

Tukafika ukingo wa kaskazini wa korongo moja linaloteremkia Ewaso Ng'iro. Kontua, ile mistari ya miinuko kwenye ramani, zilisongamana pale hadi zikawa doa la kahawia. Saveya akasoma GPS, kile kifaa kinachopata mahali kwa setilaiti, akaweka rula, akatia nukta kwa penseli. Akaifuta. Akasoma upya, akaitia palepale: ukingo wa kusini. Zamani angesingizia Wamarekani, wenye hizo setilaiti, lakini walikuwa wameacha kuvuruga mawimbi ya GPS ya raia tangu Mei 2000. Kijana mchungaji aliyekuwa akitutazama huku anatafuna mswaki wa mti akauliza kuna nini.

"Mashine inasema tuko ng'ambo ile."

Akatazama ng'ambo. Akageuka kuwatazama mbuzi wake nyuma yetu, kengele ya beberu ikilia kwenye migunga.

"Basi hawa ni wa nani?"

Hakuna aliyelewa, si setilaiti wala saveya. Ramani ilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuhesabia mahali duniani, GPS ikahesabu kwa mfumo mwingine, WGS84, na huku kwetu mifumo hiyo inapishana kama mita 300, kaskazini kwa kusini. Saveya akabonyeza vitufe viwili vitatu, mashine ifuate mfumo wa ramani, nukta ikarudi upande wetu.

Kwangu yalikuwa yamekwisha. Kijana bado. Kiangazi kikikaza, mita 300 kule ndizo zinazoamua kama unachunga kwenu au umeingia ranchi ya mtu. Akauliza: siku ya ugomvi, askari watafuata karatasi au mashine?

"Mwanangu, sisi tunapima tu," saveya akasema.

"Sawa mzee. Na wale wa kuamua, wanakuja lini?"

Sijui kama alitaka jibu au alikuwa anatucheka. Tulikuwa na bikoni nyingine, alama ya wapima ardhi, ya kufikia kabla jua halijatua, na saveya alikuwa ameshakunja ramani.