Ungo Uliposimama

Mwanzoni mwa Machi 2012, usiku wa kuamkia siku ya kushuti, nilikaa mezani nikachora nyumba nzima kana kwamba naitazama kutoka juu: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma. Duara lilikuwa mama, msalaba mwanawe, pembetatu kamera. Nyumba za Kiswahili nimekulia humo, kwa hiyo sikuona haja ya kwenda Magomeni kuipima hiyo moja.

Sini yenyewe ilikuwa fupi. Kijana anarudi kwao baada ya miaka minne bila barua wala simu. Mama yuko uani anapepeta mchele. Kwenye mchoro wangu kijana anaingia, mama anainua uso, wanatazamana, na kamera iko ubavuni inawaona wote wawili.

Tulipofika, upana wa uani ulikuwa hatua tano tu. Nilikuwa na Canon 550D na lenzi moja ya 50mm, na kwa kuwa kihisi cha kamera ile, yaani kipande kinachonasa picha, ni kidogo, lenzi hiyo hubana picha kama ya 80mm, ikaona eneo jembamba tu. Nikajibandika ukutani mpaka shati likashika chokaa. Bado niliambulia kichwa cha mama na kiwiko cha mtoto. Jua nalo! Dar es Salaam siku zile, kwenye saa sita na nusu mchana, linakuwa utosini kabisa, na macho ya mtu yanageuka mashimo meusi.

Mwigizaji wetu wa nafasi ya mama alikuwa amezeekea kwenye michezo ya redio. Alikaa mkekani akiupa ukumbi mgongo, akaanza kupepeta bila kunisubiri.

"Mama, naomba ugeukie mlangoni, umwone akiingia."

"Nimwone wa nini, mwanangu? Huyu nimemzaa mimi. Nitamjua kwa hatua zake."

Nikaiweka kamera chini, nikamwambia kijana aingie kama anavyoingia kwao. Viatu vikagonga saruji ya ukumbini. Mikono ya mama ikaendelea. Hatua ya tatu, ya nne, kisha ungo ukasimama. Hakugeuka.

Mchoro niliukunja nikautia mfukoni. Kamera tukaipeleka mwisho wa uani, chini, usawa wa ungo, imtazame mama usoni, na nyuma ya bega lake uonekane ukumbi wote mpaka mlango wa mbele. Kwa urefu ule lenzi ikatosha. Kijana angekuwa kivuli tu dhidi ya mwanga wa mlango, asiye na uso, mpaka afike kwenye kizingiti cha uani. Hapo nikamwekea alama ya chaki. Fokasi nikaiacha kwenye mikono ya mama. Tukangoja hadi saa tisa, kivuli cha ukuta wa magharibi kilipoufikia mkeka.

Teki ya kwanza iliharibiwa na honi ya pikipiki. Ya pili, ungo ukasimama palepale. Kijana akafika kwenye chaki, akatulia. Ndipo mama, bado amempa mgongo, akasogea kidogo mkekani, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Hilo halikuwamo kwenye skripti wala kwenye mazoezi.

Kijana akaiacha alama yangu, akaja akakaa. Kutoka kwenye kamera, pale palikuwa umbali uleule na mikono ya mama, na uso wake ukatokea wazi bila mtu kugusa lenzi.