Daftari la ajali lisilo na ajali

Meneja wa makao niliyokwenda kukagua alinifungulia daftari la ajali akiwa na tabasamu. Miezi minne, hakuna tukio hata moja. Makao ya wazee 40, wengi wao wa kutembelea fimbo au kiti cha magurudumu, na hakuna aliyeteleza, hakuna aliyejigonga, hakuna aliyekosea dawa. Alitarajia nimpongeze. Nikaomba kiti nikae, maana nilijua siku itakuwa ndefu.

Wazee huanguka, na wala si siri. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2007 kwamba asilimia 30 hadi 50 ya wanaoishi katika makao ya muda mrefu huanguka kila mwaka, na asilimia 40 ya hao huanguka tena. Kwa watu 40 hiyo ni 12 hadi 20 kwa mwaka. Basi daftari tupu lina maelezo machache tu. Labda bahati kubwa. Labda watu wanaanguka na haiandikwi. Au hawaanguki kwa sababu hawainuliwi kabisa, na hilo la mwisho ndilo ninaloliogopa kuliko yote.

Nimeshazoea kwamba saa ya kwanza ya ukaguzi ni ya maonyesho. Sakafu inanukia dawa, mashuka yamenyooka, kila mhudumu amevaa kitambulisho chake. Siwalaumu, hata mimi nikitembelewa nafagia. Ila siku hizi makaratasi nayaacha yasubiri. Naenda sebuleni, natafuta kiti cha pembeni, nanyamaza. Baada ya muda watu wanasahau kwamba nipo.

Saa nne asubuhi sebule ile ilikuwa kimya. Televisheni ilikuwa inaongea peke yake. Wazee kama 15 wamepangwa ukutani, na viti vingi vilikuwa vya aina ile iliyolala nyuma, yenye meza ndogo inayofungwa kwa mbele. Meza hiyo ni nzuri wakati wa kula. Ikibaki imefungwa kutwa nzima inakuwa kifungo, hata kama hakuna aliyekusudia. Nikamwamkia bibi mmoja aliyekuwa macho, nikamuuliza kama huwa anatembea kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Kutembea? Hapa hatuanguki, kwa kuwa hatusimami."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza saa za chakula.

Nikaomba chati za dawa. Nilichotafuta ni dawa za kutuliza akili, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya magonjwa makubwa ya akili lakini mara nyingi hupewa wazee wenye upotevu wa kumbukumbu kwa sababu wanazunguka usiku au wanapiga kelele. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kabisa liwekwe kwenye kundi jipya la dawa hizo, kwa kuwa zilionekana kuongeza vifo vya wazee wenye upotevu wa kumbukumbu. Mwaka 2008 onyo likapanuliwa hadi kwenye zile za zamani. Hazijapigwa marufuku. Daktari anaweza kuziandika kwa sababu ya maana, kwa muda mfupi, kisha akarudi kutazama kama bado zinahitajika. Nilichokikuta ni majina kadhaa yenye dawa hizo bila tarehe ya kupitiwa upya. Hapo ule ukimya wa saa nne ukaanza kuwa na maelezo.

Halafu kuna saini. Chati ya mwezi mzima, zamu tofauti, watu tofauti, lakini wino ni ule ule na mwandiko umelala upande mmoja. Sikusema neno. Nilihesabu tu vidonge vilivyobaki kwenye pakiti na kulinganisha na vilivyodaiwa kutolewa. Vidonge havijui kupamba hesabu. Kwa wazee wawili hesabu hazikulingana.

Mtu asiyesimamishwa huanza kuharibikia ngozi. Kisigino, nyonga, mfupa wa chini ya mgongo: mahali popote mfupa unapokandamiza nyama kwa saa nyingi, damu haipiti vizuri na nyama huanza kufa, wakati mwingine kuanzia ndani kabla ya juu kuonyesha kitu. Vitabu vingi vinasema dalili ya kwanza ni wekundu usiotoweka ukibonyeza kwa kidole. Hilo linasaidia kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa, kwa hiyo mkono ndio unaopima: pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au pamelegea isivyo kawaida? Mzee anakunja uso ukipagusa? Nilimuuliza mhudumu mmoja kijana anaangalia nini anapomgeuza mzee. "Naangalia kama pamekuwa pekundu," akajibu, kama alivyofundishwa. Wazee wote aliokuwa anawahudumia ni weusi. Hilo si kosa lake, na kwenye ripoti nitaliandika chini ya mafunzo, si chini ya jina lake.

Uzito pia. Mtu aliyepoteza asilimia 5 ya uzito wake ndani ya mwezi mmoja bila kukusudia anahitaji kutazamwa haraka. Mizani ilikuwepo, imefunikwa kitambaa. Uzito wa mwisho uliandikwa zamani kidogo, na kwa wazee wote namba ziliishia na sifuri au tano. Mizani ya kweli haina adabu hiyo.

Maji nitayataja kwa ufupi, japo ni jambo ninalolipenda kuliko inavyostahili. Tangi la maji moto linatakiwa lifike nyuzi 60, maana bakteria wa legionella hustawi kwenye maji ya vuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, na wakivutwa pamoja na matone madogo ya bomba la mvua huleta homa kali ya mapafu. Lakini maji ya nyuzi 60 yakimgusa mzee kwa sekunde chache tu yanamuunguza vibaya. Ndiyo maana kunawekwa vali ya kuchanganya maji moto na baridi karibu na bafu, ili yatoke yasizidi nyuzi 44. Hapa vali zilikuwepo na zilifanya kazi, kipimajoto changu kilisoma 42. Fundi wao alistahili ile pongezi ambayo meneja aliitaka kwa ajili ya daftari, nami nilimpa.

Mchana nilimkuta mhudumu wa siku nyingi kwenye chumba cha kufulia. Kwenye makao yoyote chumba hicho ndicho ofisi ya kweli. Akanitazama, akatazama mlango.

"Dada, nikuulize. Wewe ukiandika kwamba mzee ameanguka, unaulizwa na nani?"

Nikamwambia inategemea.

"Hapa unaulizwa ulikuwa wapi. Barua ya onyo inafuata. Usiku tuko wawili kwa watu 40. Mmoja akiwa anambadilisha mtu, mwingine amebaki na 39. Sasa nani ataandika?"

Hilo ndilo jibu la daftari tupu, na halikuwa kwenye karatasi yoyote niliyopewa. Ukiwaadhibu wanaotoa taarifa, taarifa zinakwisha lakini ajali zinabaki. Kisha unatafuta njia ya kuzuia ajali zisizoandikwa, na njia rahisi kuliko zote ni meza ya kufunga kwa mbele na kidonge cha jioni.

Wawili kwa 40 ndiko kulikonipeleka kwenye moto. Tarehe 31 Januari 2004, katika makao ya Rosepark huko Uskoti, moto ulianza usiku kutokana na hitilafu ya umeme ndani ya kabati, na wazee 14 walikufa. Uchunguzi wa mahakama uliofuata ulieleza kwamba mpango mzuri wa tahadhari ya moto ungeweza kuokoa baadhi yao, au wote. Kila nikisimama kwenye korido ndefu yenye vyumba pande zote mbili nawafikiria. Nikamuuliza yule mhudumu: kengele ikilia saa nane usiku, mnaanza na chumba kipi, na milango inafungwa na nani? Akanijibu kwamba zoezi la moto hufanyika, ila ni la mchana, wakati wote wapo. Mitungi ya kuzimia moto ilikuwa na lebo mpya kabisa.

Jioni nikakaa na mkaguzi mwenzangu tupange daraja la makao haya. Yeye anaona makao yapewe nafasi: usafi upo, maji salama, wahudumu wana huruma, na hilo la huruma nalikubali kabisa, niliwaona. Anasema tukiwaandika vibaya familia zitawahamisha wazee, na kumhamisha mtu wa miaka 88 kuna hatari zake. Ni kweli. Lakini mimi siwezi kuandika "salama" mahali ambapo usalama umepatikana kwa kuwafunga watu kwenye viti. Tulibishana mpaka mlinzi akaja kuuliza kama tunalala pale.

Hatukukubaliana daraja, tulikubaliana madai. Kesho barua inakwenda kwa meneja: daktari apitie dawa zote za kutuliza, meza za viti zifunguliwe nje ya saa za kula, uzito wa kila mkazi upimwe mbele ya muuguzi, zoezi la moto lifanyike usiku kwa idadi ile ile ya wahudumu wa usiku, na asiwepo wa kupewa onyo kwa kuandika ajali. Nimeongeza sentensi moja ambayo mwenzangu ameizungushia wino mwekundu akisema meneja hataielewa: tutakaporudi, tunatarajia kukuta ajali kwenye daftari.

Nimeiacha.