Vikombe vya kahawa vilivyowasha taa ya binti yangu

Mimi ni muuza kahawa, Ngamiani, Tanga. Anayekijua kijiwe cha kahawa anajua kwamba pale hakuna kisichojulikana. Ukizungumza mpira, makocha wapo. Ukigusa siasa, benchi zima ni mawaziri. Kosa langu lilikuwa kutamka jioni moja kwamba binti yangu wa kidato cha kwanza anatakiwa kupeleka jaribio kwenye maonyesho ya sayansi ya shule, na zimebaki wiki mbili.

"Limao!" mzee mmoja akadakia, kashata bado mdomoni. "Chomeka msumari huku, waya wa shaba kule, balbu inawaka. Limao moja tu."

Nikaamini, mjinga mimi. Nikanunua malimao kama ya elfu mbili hivi, nikafungua tochi ya zamani na kutoa kile kibalbu cha kioo. Limao la kwanza, kimya. Mawili, kimya. Nikarudi kijiweni kutoa taarifa, nikaambiwa niongeze. Matano, manane, mpaka sinia la pilau likajaa malimao 14 yamefungwa nyaya kama wagonjwa mahututi. Binti akazima taa ya chumbani ili tuone vizuri. Tukaona giza. Kesho yake mwingine akanicheka: malimao ya wapi, ndimu ndiyo kali! Nikanunua ndimu. Giza lilelile, ila sasa nyumba nzima inanukia kama tunasubiri samaki.

Mke wangu alitaka angalau tuyafanye achari. Alikuwa ameshashika kisu fundi redio wa mtaani kwetu alipopita na kumzuia: madini ya msumari yameshaingia ndani ya tunda, hayaliwi hayo. Tukayatupa. Hilo sijasamehewa.

Huyo fundi ndiye aliyetutoa gizani, na malipo yake yalikuwa kahawa vikombe viwili. Alichomeka mita yake kwenye limao moja, ikasoma volti 0.9. Kumbe umeme ulikuwepo! Tatizo, akasema, mkondo wake ni mwembamba kama uzi wa buibui. Balbu ya tochi inataka miliampia 200 au 300, limao lenye msumari mmoja linatoa kama moja. Na ukiyapanga mstari mmoja unaongeza volti tu, mkondo unabaki uleule. Kwa hiyo hata ningemaliza malimao yote ya Muheza nisingeona kitu. Akachomoa kitaa kidogo chekundu cha LED kwenye redio mbovu akatupatia: hiki kinaridhika na volti kama 2, na mkondo kidogo tu.

Hapo ndipo binti akauliza swali ambalo kijiwe kizima hakikuliuliza. "Baba, kama kazi ya limao ni uchachu tu, limao lenyewe la nini?" Alikuwa amesoma kwamba Alessandro Volta, yule Mwitaliano, mwaka 1800 alitengeneza betri kwa kupanga vipande vya zinki na fedha, katikati akiweka vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Hakuna limao hata moja.

Nikageuka nikatazama vikombe vyangu.

Tulichukua vitano vilivyomeguka midomo, tukamimina siki. Msumari uwe ule wa kupigilia bati, maana umepakwa zinki. Wa mbao wa kawaida utakuangusha. Shaba tuliipata kwenye mabaki ya waya wa fundi umeme, tukaimenya na kuizungushia kalamu mpaka ikawa kama springi. Hiyo ndiyo hila yenyewe, najisifu: shaba nyingi inagusa siki, mkondo unanenepa. Msumari na shaba visigusane ndani ya kikombe. Vyetu viligusana mara mbili, na mara zote mbili nililaumu siki.

Tukaviunga vikombe mstari mmoja, msumari wa hiki kwa shaba ya kile, mita ikasoma volti 4 na ushee. Tukaunga kitaa. Giza.

Nilikaribia kuvunja vikombe vyote. Binti akakigeuza tu kile kitaa, mguu mrefu ukaja upande wa shaba, na kikawaka. Hafifu, ndiyo, ilibidi tujifunike kanga ya mama yake kukiona vizuri, lakini kiliwaka! Nilipiga ukelele jirani akadhani Coastal Union wamefunga. Kikaanza kufifia baada ya dakika chache, tukagundua shaba imejaa vipovu. Ukiitikisatikisa ndani ya siki kinarudi. Vikombe hivyo havinywewi tena, nimevitia alama ya rangi na vinakaa juu ya kabati.

Siku ya maonyesho mwalimu aliyekuwa akipima kazi alimuuliza umeme unatoka wapi, akitegemea kusikia "kwenye siki". Binti akamwonyesha kikombe kingine, siki ileile, lakini shaba pande zote mbili. Mita haikusoma kitu. Kisha akachomoa msumari uliokaa siku tatu kwenye siki, umepoteza mng'ao wake. "Zinki ndiyo inayoliwa, mwalimu. Siki ni njia tu." Mimi nilikuwa mlangoni na birika langu, nikajifanya namwaga majivu.

Alishika nafasi ya pili. Wa kwanza alileta volkano ya magadi na siki, povu jekundu mpaka sakafuni. Nimekubali, kwa shida.

Kijiweni yule mzee anasema wazo lilikuwa lake tangu mwanzo. Ila tangu asikie habari za vikombe, kila nikimpa kahawa anakichungulia kwanza ndani, halafu anauliza kama hiki ni cha kunywea.